Muhula Aliorudi Phelista

7 Aprili

Mvua imeshika kweli leo. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafunika kuni, Dkt. Kipkosgei, mkuu wa idara yetu, akanipigia simu. "Ustadh Hamid! Umesikia? Phelista anakuja! Profesa Phelista Wakhungu mwenyewe, muhula mzima, hapa kwetu Bungoma!" Nikasema alhamdulillahi. Nikasema ni heshima kubwa kwa kampasi. Kisha nikazifunua zile kuni, nikazipanga upya, nikazifunika tena.

Mke wangu Zaitun alikuwa ananitazama kutoka dirisha la jikoni. "Nani amekufa?" akauliza.

8 Aprili

Niandike jambo lilivyo. Phelista alikuwa mwanafunzi wangu. Binti wa mkulima wa Kamukuywa, alikaa safu ya mbele katika darasa langu la mantiki, viatu vimejaa matope, mkono juu kila dakika. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba hoja inaweza kuwa imefungwa vizuri na bado ikabeba uongo. Alipotoka hapa akaenda Afrika Kusini kwa shahada ya uzamili, akaenda Uingereza kwa uzamivu, akapata kazi Uskoti. Leo popote wanaposoma falsafa ya uchanganuzi, hii yetu ya kupembua maneno na hoja kama mtu anayepembua maharagwe, jina lake linajulikana. Ana miaka arobaini na moja.

Mimi nina hamsini na nane. Ni mhadhiri wa kawaida, wala sijawahi kupanda cheo. Makala yangu ya mwisho ilichapishwa binti yangu Khairunisa akiwa chekechea. Sasa Khairunisa yuko mwaka wa mwisho chuoni, katika idara yangu mwenyewe.

Watu wakinitambulisha husema, "Huyu ndiye aliyemfundisha Phelista." Zamani nilikuwa nafurahi.

12 Aprili

Mvua. Sikufanya kitu.

5 Mei

Kipkosgei ameamua kwamba nitakuwa nambeba Phelista kwa gari langu. "Si unatoka Kitale na unapita hapo Kamukuywa tu? Yeye anakaa kwa wazazi. Msaidie, bana." Kwa hivyo leo asubuhi nikamkuta kando ya barabara amevaa gambuti, viatu vya ofisini ameviweka kwenye mfuko wa plastiki. Nilitarajia mtu mwingine. Miwani ya bei, labda, na sauti ya puani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu nyumbani."

"Mama Khairunisa hajambo? Bado anapika zile mahamri?"

Njia nzima alinieleza kitabu anachokimalizia. Kiko kwa wachapishaji tayari, na chuo chake kinakingojea ili kimpe kiti kikubwa cha uprofesa wa falsafa, kile ambacho hakijawahi kukaliwa na Mwafrika. Hoja yake ni nyepesi hata mtoto anaielewa. Anasema, wingu jeusi linakupa ishara ya mvua, lakini halikuambii kitu. Mtu anapokuambia jambo hakupi ishara, anakupa neno lake, kama zawadi. Unajua kwa sababu yeye anakutakia mema na wewe umempokea. Pasipo nia njema, akasema, hakuna kuambiwa. Kuna sauti tu, na utaisoma kama unavyosoma mawingu.

"Unaonaje, Mwalimu?"

"Mm," nikasema. "Daraja hili wametengeneza vibaya."

Ni hoja nzuri mno. Iliniuma kama jino. Miaka yote hii nimefundisha watu kuhusu maneno na sikuwahi kuona kwamba neno ni zawadi.

6 Mei

Nimembeba tena. Ameleta ndizi kwa Zaitun.

14 Mei

Darasa lake limejaa mpaka wengine wanasimama nje wakichungulia madirishani. Langu ni saa moja kabla yake. Leo kijana mmoja akainua mkono, nikadhani ana swali. "Mwalimu, si utuachilie mapema? Tukichelewa kwa Profesa hatupati viti."

Nikawaachilia. Halafu nami nikaenda nikasimama nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kumwangalia mtoto wake. Anafundisha vizuri kuliko mimi. Anapouliza swali anangoja. Mimi huwa nikiuliza najijibu mwenyewe kwa kuogopa kimya.

20 Mei

Baada ya magharibi Khairunisa alikuja sebuleni akakaa ukingoni mwa kiti. Nikajua.

"Baba, usikasirike. Ile tasnifu yangu. Nataka Prof Phelista anisimamie."

"Ni mimi msimamizi wako. Fomu zimeshapita."

"Dkt. Kipkosgei amesema inawezekana kubadilisha. Yaani, Baba, si kwamba wewe hufai. Ni vile yeye…" Akatafuta neno. "Yeye anaandika. Vitu vyake vinasomwa."

Zaitun akaingia na chai, akatutazama, akarudi nayo jikoni.

22 Mei

Nimetia sahihi. Ningesema nini?

30 Mei

Ndani ya gari Phelista anamsifu Khairunisa. Anasema ana jicho la hoja. Nimepandisha redio.

2 Juni

Kipkosgei ametangaza mhadhara wa wazi, tarehe 20, katika ukumbi mkubwa. Watakuja watu wa kaunti, makasisi, walimu wa shule, na wazazi wa Phelista watakaa mbele. Baada ya mhadhara, mtu mmoja atasimama kujibu. "Na ni nani mwingine kama si mwalimu wake wa kwanza?" akasema, akanipiga begani. "Utasema maneno mawili matamu, kisha tule."

Phelista amenipa mswada mzima nisome. "Usinihurumie, Mwalimu. Ukiona shimo, niambie tukiwa huku garini, niende nikalizibe kabla ya watu."

5 Juni

Nimeusoma. Sioni shimo.

9 Juni

Nimeusoma tena. Hakuna. Nilipiga magoti baada ya alasiri nikajikuta namwomba Mungu anionyeshe kosa la mtu mwingine. Nikanyamaza katikati ya dua.

13 Juni

Ijumaa. Nimelipata.

Nilikuwa uani napiga mswaki. Majirani zangu wawili hapa Kibomet, Nyaguthii na Fardosa, wamekuwa wakigombana kuhusu maji ya mvua: paa la mmoja linamwaga uani kwa mwenzake. Asubuhi hii Fardosa amempigia kelele mwenzake mpaka Nyaguthii akaweka ndoo chini, akasema taratibu, kwa utamu kabisa, "Wewe unajali maji? Mwanao hajaingia darasani tangu wafungue. Uliza mtu yeyote. Anashinda stendi Kiminini akiuza miwa, na hela anavutia bangi."

Fardosa hakwenda kuuliza mtu. Alikaa chini pale pale penye matope, na kanga yake safi. Alikuwa ameshajua. Nani alimpa? Nyaguthii. Kwa nia gani? Ya kumchoma moyo, basi. Na hakuyasoma maneno yale kama wingu. Aliambiwa. Aliambiwa na adui, na akajua, tena akajua vizuri kuliko angeambiwa na rafiki, maana rafiki angepunguza makali.

Kwa hivyo Phelista amekosea, na kosa liko msingini. Ukilitoa hilo jiwe nyumba yote inashuka.

Nilisimama na povu mdomoni nikicheka peke yangu. Mama wa watu analia matopeni na mimi nacheka. Nimeliandika hili ili nisije nikasema baadaye kwamba sikucheka.

16 Juni

Tulipofika karibu na Webuye leo, Phelista akauliza, "Mwalimu, umemaliza? Umeona shimo lolote?"

Nilikuwa nimeshika usukani. Nikamgeukia na uso wa upole, uso ninaowapa wanafunzi wagonjwa. "Sijaona kitu, binti yangu. Iko imara."

Akashusha pumzi. "Ukisema wewe, nitalala."

17 Juni

Mvua kubwa. Sikulala vizuri.

20 Juni

Nimerudi nyumbani. Zaitun ameenda kulala bila kuniuliza kitu. Acha niandike yote.

Ukumbi ulijaa. Baba yake Phelista, Mzee Wakhungu, alikuja na suti ya kahawia na kitambaa kilichokunjwa vizuri mfukoni, akakaa safu ya mbele na mkewe. Mzee ni mkulima na mzee wa kanisa. Hajui Kiingereza sana, na kwa sababu yake Phelista aliamua kusema kwa Kiswahili. Sikuwahi kusikia falsafa yetu ikisemwa hivyo kwa Kiswahili. Alisema neno ni zawadi na mzee mzima akaitikia kwa kichwa kama aliye kanisani. Walipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Kisha nikaitwa. Nikaanza na sifa, kama alivyotaka Kipkosgei. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Halafu nikasema, "Lakini mwalimu hawezi kuacha kusahihisha." Wakacheka tena. Nikasimulia kisa cha majirani wawili na maji ya paa, bila majina. Nilikisimulia vizuri. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi chooni. Nilipofika pale yule mama anapokaa chini, nikamgeukia Phelista.

"Profesa, huyu mama ameambiwa au hakuambiwa?"

Mvua ikaanza wakati huo huo, ikapiga mabati. Phelista akasimama mbele ya kipaza sauti. Nilimwona akijaribu mlango mmoja, ukawa umefungwa, akajaribu wa pili. Ninaijua milango hiyo, nilikuwa nimeifunga yote mwenyewe. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Ameambiwa," akasema.

"Na nia njema?"

"Haikuwepo." Akangoja, kama anavyongoja darasani. "Sina jibu, Mwalimu."

Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi. Wengine wakaanza kupiga meza. Mtu akapaza sauti, "Mzee amemaliza mchezo!" Nikarudi kwenye kiti changu na miguu myepesi kama ya kijana wa shule. Nikiri kwamba ilikuwa saa tamu kuliko zote nilizowahi kukaa katika chuo kile.

Ndipo nikamwona Mzee Wakhungu. Alikuwa amemwinamia mkewe, anamuuliza jambo, na mama akatikisa kichwa kwamba hajui. Mzee akatoa kile kitambaa mfukoni. Hakujifuta nacho popote. Alikishika tu.

Phelista alikuja kunipa mkono mbele ya watu wote. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulisema iko imara."

Kisha akasema atarudi nyumbani na wazazi wake.

21 Juni

Video imezunguka katika makundi yote ya WhatsApp. "Mzee Hamid anyorosha profesa wa majuu." Wanafunzi niliowafundisha miaka mingi iliyopita wananitumia vidole gumba. Nimeitazama mara nyingi. Kila nikiitazama nazima kabla haijafika kwa mzee na kitambaa.

23 Juni

Sikumkuta barabarani Kamukuywa. Nikapunguza mwendo, nikangoja kidogo, nikaenda.

27 Juni

Khairunisa hasemi nami. Leo nikamuuliza kama amekatwa ulimi.

"Baba, nikuulize. Pale ulikuwa unajibu hoja ama ulikuwa unampiga mtu?"

"Hoja yangu ilikuwa sahihi."

"Najua ilikuwa sahihi. Sijauliza hiyo."

"Katika mantiki, binti yangu, hatuulizi mtu alikuwa na nia gani. Tunauliza kama hoja inasimama."

"Mimi si mwanafunzi wako tena," akasema. "Nilibadilisha msimamizi."

Zaitun alikuwa anakunja nguo. Baada ya mtoto kutoka akasema, bila kuinua macho, "Wewe Hamid, ulipokuwa unamposa dada yangu mkubwa akakukataa, ulinijia mimi ukasema yeye hana adabu. Nikakuchukua hivyo hivyo. Lakini wivu wako naujua kwa harufu." Nikatoka nje. Zaitun haongei sana, na akiongea huniachia kazi ya wiki nzima.

4 Julai

Kipkosgei ameingia ofisini kwangu akafunga mlango.

"Phelista amekiondoa kitabu kwa wachapishaji."

"Amekiahirisha?"

"Ameondoa, Ustadh. Amewaandikia kwamba msingi wake si sahihi na hawezi kuweka jina lake. Na kile kiti cha Uskoti kimeenda kwa mtu mwingine. Miaka saba ya kazi, bana." Akasimama akitazama mvua. "Ningekuwa mimi ningechapisha tu. Nani angejua? Ni kisa cha Kitale."

Alipoondoka nilingoja furaha. Nilikuwa nimeiandalia nafasi. Badala yake kikaja kile kile kidonda, kibaya kuliko mwanzo. Mimi nisingekiondoa. Najijua. Ningeongeza sura moja ya maneno mengi, ningezunguka lile shimo kama anayezunguka dimbwi, na ningekalia kiti. Yeye alisikia kweli mara moja, mbele ya baba yake, akaitii. Sasa namwonea wivu hata kwa kushindwa.

11 Julai

Mvua imepungua. Maharagwe yanavunwa kila mahali.

25 Julai

Nimejaribu kuandika kile kipingamizi kiwe makala. Kurasa tatu. Kila sentensi inahitaji jina la Phelista ili isimame.

6 Agosti

Mitihani.

15 Agosti

Khairunisa ameitetea tasnifu yake. Sikuruhusiwa kukaa katika jopo kwa kuwa ni mwanangu. Nilisikia makofi kutoka ofisini kwangu. Jioni alinisalimia vizuri, akanipa keki aliyoletewa, na kwa mara ya kwanza tangu Juni akakaa kiti kizima.

23 Agosti

Jumamosi. Nilikuwa natoka Bungoma kupeleka alama. Nilipofika Kamukuywa, Mzee Wakhungu alikuwa kando ya barabara akingoja mtu wa kumletea magunia. Nikawa na nia ya kupita. Akalitambua gari langu, akanyoosha mkono. Nikasimama.

"Mwarimu! Siku hizi unapita tu kama upepo."

"Mzee, nimekuwa na kazi."

"Kazi gani haina kusarimia watu? Kalibu. Phelista yuko shambani, anatuvunia mahindi. Anasafili Jumanne."

Nilimfuata kwenye kijia, viatu vyangu vya Ijumaa vikiingia udongo. Mzee akaniacha ukingoni mwa shamba akarudi kwa mtu wake wa gunia. Phelista alikuwa katikati ya mahindi makavu, kitambaa kichwani, na zile gambuti. Aliendelea kuvunja mpaka nikafika karibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akanipa nafasi ya kusema. Hiyo kawaida yake ya kungoja. Nilikuwa nimebeba hotuba tangu Julai, kuhusu mantiki na wajibu wa mwalimu. Ikayeyuka.

"Nilikuwa na wivu," nikasema.

"Najua. Nilijua palepale ukumbini. Kwa siku mbili za kwanza nilitaka kukutukana." Akavunja hindi, akalimenya. "Kisha nikajiuliza, ni wapi uliponidanganya na ni wapi uliponifundisha? Garini uliongea kama mzazi, nikakuamini, ukanidanganya. Ukumbini uliongea kama adui, na huko ndiko nilikojifunza. Nilirudi kwenye mswada nikitafuta namna ya kukujibu. Haikuwezekana. Wewe mwenyewe ulikuwa kisa kikubwa kuliko wale majirani."

"Nisamehe."

"Kuhusu gari nitakusamehe, lakini si leo. Kuhusu ukumbi hakuna cha kusamehe, ilikuwa kweli." Akarusha hindi kwenye rundo. "Ila ungemfikiria Baba. Alifikiri nimefukuzwa kazi. Nilimweleza wiki nzima."

Nilisimama na fedheha yangu. Upepo ukapita katika majani makavu ukafanya kelele nyingi. Nikauliza ataandika nini sasa. Akasema hajui, na kwa sauti ile nikasadiki. Akasema huenda akakaa miaka bila kuandika. Halafu akalishika bua moja bila kulivunja.

"Umesoma tasnifu ya Khairunisa?"

"Hajanipa."

"Ile sura ya mwisho." Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Amechukua kisa chako na hoja yangu, akavipitisha mahali ambapo mimi na wewe hatukuona kama kuna njia. Hajamaliza, bado mtoto, ana haraka. Lakini njia ipo. Niliisoma usiku, nikaifunga, nikatoka nje nikakaa na ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilipaswa kuwa yangu."

Alisema hivyo akitazama pembeni, na nikauona uso wake vizuri. Nilikuwa naujua ule uso. Nimeunyoa kila asubuhi muhula mzima.

"Nimemtafutia nafasi ya uzamili kwetu Uskoti, na ufadhili," akasema. "Barua ya chuo itamfikia wiki ijayo. Kuna siku tatu niliikalia barua yangu ya kumpendekeza, Mwalimu. Nilijiambia ana haraka, akae nyumbani mwaka mmoja akomae."

"Na kisha?"

"Kisha nikaituma."

Nilivua koti nikaliweka juu ya rundo, nikakunja mikono ya shati. Akanitazama viatu. Akanionyesha mstari uliokuwa karibu na wake, tukaanza kuvunja mahindi, yeye huku na mimi huku, kuelekea kwa mzee.